Kilikosea Mbingu, Kikafundisha Kupima Dunia

Katalogi ya mnada wa vitabu vya kale inapofika kwenye nakala ya Cosmographia ya Peter Apian, maelezo marefu huwa juu ya vipande vidogo vya karatasi. Je, vimo vyote? Kipi kimepotea? Hiki hapa ni cha asili, au kimekatwa kwenye nakala nyingine kikapachikwa? Kitabu hiki cha falaki na jiografia, kilichochapwa kwanza mjini Landshut, kusini mwa Ujerumani, mwaka 1524, kina visahani vya karatasi vilivyoshikizwa kurasani kwa uzi ili msomaji avizungushe. Nakala yenye visahani vyake vyote, vile vile vilivyotoka kwa mchapaji, ni adimu, na bei yake hupanda kwa uadimu huo.

Muuzaji huandika pengo la kisahani kama kasoro. Mimi nalisoma kama ushahidi. Kisahani hakipotei katika kitabu kilicholala kabatini. Hulegea, huchanika, hatimaye hung'oka kwa sababu kuna mwanafunzi aliyekizungusha, akamwachia mwenzake naye akakizungusha. Uadimu wa leo unatuficha jambo kubwa kuliko yote kuhusu kitabu hiki, nalo ni kwamba kiliwahi kuwa cha kawaida kabisa. Katika miaka 85 hivi kilichapwa zaidi ya mara 30, kwa Kilatini, Kiholanzi, Kifaransa na Kihispania. Kilikuwa kitabu cha mtu wa kawaida wa chuo, na kilimtaka atumie mikono na macho yake.

Mwandishi alizaliwa mwaka 1495 katika mji wa Leisnig, Saxony, mtoto wa fundi viatu. Alisoma Leipzig, kisha Vienna, na kitabu kilipotoka alikuwa bado hajafikisha miaka 30. Mwaka 1527 alipata kazi ya kufundisha hesabu katika Chuo Kikuu cha Ingolstadt, na hapo hapo akaendesha kiwanda chake cha uchapaji. Hilo la pili lina uzito sawa na la kwanza. Msomi wa zama hizo aliyetaka michoro yake itoke sawasawa ilimbidi awabembeleze wachonga mbao na wachapaji mpaka wamchoke. Apian alisimama mwenyewe penye mtambo, na tabia ya fundi inaonekana katika vitabu vyake vyote: kila wazo lazima liwe na kitu cha kushika.

Mwalimu wa jiografia wa leo angetambua mengi yaliyomo. Kuna latitudo na longitudo, ukanda wa joto na kanda za baridi, pepo na majina yake, na orodha ndefu ya miji na mahali pake kwenye tufe la dunia. Vipimo vinaanzia kwenye punje za shayiri: punje nne ni kidole kimoja, vidole vinne ni kiganja, viganja vinne ni futi, hivyo hivyo mpaka maili. Aliyekulia kwenye shibiri na dhiraa hatashangaa. Mwili wa mtu ndio uliokuwa rula ya kila mahali.

Mchoro mmoja naupenda kuliko yote. Apian anataka kuonyesha kwamba dunia ni tufe, hivyo anauliza kivuli kinachoufunika mwezi unapopatwa ni cha nini. Ni cha dunia. Kisha anachora dunia ya mraba ikitupa kivuli cha mraba, na dunia ya pembetatu ikitupa kivuli cha pembetatu. Msomaji anabakiwa na kazi moja tu, asubiri mwezi upatwe, atazame ukingo wa kivuli. Wale wanaopenda kusimulia kwamba watu wa karne ile waliamini dunia ni bapa kama meza wangefaa kuonyeshwa ukurasa huu. Umbo la dunia halikuwa ubishi kwa waliosoma. Kilichokuwa kigumu ni kujua uko wapi juu yake.

Hapo ndipo visahani vinapoingia kazini. Kimoja kina ramani ya dunia kama inavyoonekana kutoka juu ya ncha ya kaskazini, kikizungukwa na duara la saa; ukikizungusha unaona kwamba jua likiwa utosini kwenu, mji ulio mashariki yenu umeshafika alasiri. Kwingine kuna njia ya kupata latitudo ya ulipo kutokana na kimo cha jua. Kuna pia picha ya chombo cha kujua saa usiku, ambacho mtu anakinyanyua kuelekea Nyota ya Kaskazini na kuzungusha mkono wake mpaka ulingane na nyota za Dubu Mkubwa. Ala za shaba za kazi kama hizo zilikuwa ghali. Ya karatasi ilikuja bure ndani ya kitabu.

Sasa kosa lake. Katika mchoro maarufu wa ulimwengu, Apian ameiweka dunia katikati. Inazungukwa na maji, hewa na moto, kisha mbingu moja juu ya nyingine: ya Mwezi, ya Utaridi, ya Zuhura, ya Jua, na kuendelea mpaka mbingu ya nje kabisa, makao ya Mungu na wateule wake. Mwaka 1543 kitabu cha Nicolaus Copernicus kikaliweka jua katikati. Cosmographia haikubadilika. Mwaka 1609 ilikuwa bado inachapwa Amsterdam na dunia yake katikati, mwaka ule ule ambao Johannes Kepler alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba Mirihi inalizunguka jua katika njia ya duaradufu, na Galileo Galilei akaanza kuelekeza darubini angani.

Kwa hiyo tuna kitabu kilichofundisha kosa kwa zaidi ya miaka 80, nami nakisifu. Sababu ni kwamba mtu aliyesimama ardhini na kupima kimo cha jua adhuhuri anapata pembe ile ile, iwe jua ndilo linalozunguka au dunia. Latitudo yake itatoka sahihi. Hata leo baharia anayejifunza kutumia nyota hufundishwa kuzichukulia kana kwamba zimebandikwa ndani ya tufe kubwa linalotuzunguka, na anafika salama. Nadharia ya Apian juu ya mbingu ingeweza kuanguka yote bila kuvunja hata kimoja cha vipimo vyake vya ardhini.

Tofauti hiyo inaonekana wazi ukikilinganisha kitabu hiki na kile kilichompa Apian utajiri. Mwaka 1540 alichapa Astronomicum Caesareum, akamtunukia Kaizari Charles V pamoja na ndugu yake Ferdinand. Ni kitabu kikubwa mno, kilichopakwa rangi kwa mkono, chenye visahani vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka, nyuzi za hariri na lulu ndogo za kuonyesha mahali pa sayari. Kaizari alimlipa vizuri na kumpa vyeo. Mtu angeweza kujua Zohali iko wapi siku yoyote bila kufanya hesabu hata moja. Lakini mashine hiyo nzima ilikuwa imejengwa juu ya nadharia ya dunia katikati, ikaanguka nayo. Kepler aliisikitikia akili na jasho lililomwagwa pale. Sehemu iliyosalimika ni ile ambayo Apian aliandika alichokiona kwa macho: mikia ya nyotamkia, ikiwemo nyotamkia ya 1531 ambayo baadaye ilipewa jina la Halley, huelekea upande ulio kinyume na jua. Wakusanyaji wanakiona hicho cha Kaizari kuwa ndicho taji lake. Ningepewa kuchagua, ningechukua kile kidogo cha wanafunzi, tena kile kilichochakaa.

Si haki, hata hivyo, kumpa Apian sifa zote. Kitabu kingeishia kuwa kimoja kati ya vingi kama kisingeangukia mikononi mwa kijana wa Friesland, kaskazini mwa Uholanzi ya leo, aitwaye Gemma Frisius. Alizaliwa mwaka 1508, wazazi wake wakafa akiwa mdogo, na miguu yake ilikuwa dhaifu. Alisoma Leuven, katika Ubelgiji ya leo, akaja kuwa tabibu na mwalimu huko huko. Mwaka 1529, akiwa na miaka 20 au 21, alitoa Antwerp toleo la Cosmographia alilolisahihisha. Toleo hilo na yaliyolifuata ndiyo yaliyoenea Ulaya, na kila mara Gemma aliongeza kitu.

Nyongeza ya mwaka 1533 ni kurasa chache tu, lakini nadhani ndizo zenye thamani kuliko kitabu kizima. Gemma anaeleza jinsi ya kuchora ramani ya nchi bila kuipima yote kwa mguu. Panda mnara wa Antwerp, tazama minara ya miji mingine, andika kila mmoja uko pembe ipi. Nenda Brussels, panda mnara, fanya vile vile. Chora mistari ya pembe hizo kwenye karatasi. Pale mstari wa kutoka Antwerp unapokutana na ule wa kutoka Brussels, mji upo. Ukijua umbali mmoja tu wa kweli, umbali mwingine wote unajitokeza kwa hesabu. Njia hiyo ya pembetatu ndiyo iliyopima nchi za Ulaya katika karne zilizofuata, na Mholanzi Willebrord Snellius aliitumia kukadiria ukubwa wa dunia yenyewe katika kazi aliyoichapisha mwaka 1617.

Nasi tumo ndani yake. Vilima vya magharibi mwa Uganda, Burundi na magharibi mwa Tanzania vilipandwa na wapimaji wa zama za ukoloni waliounganisha mnyororo wa pembetatu kando ya longitudo ya nyuzi 30 mashariki, kutoka Afrika Kusini kuelekea Misri. Kipande cha mpaka wa Uganda na Kongo kilipimwa mwaka 1908 na 1909. Pengo la mwisho, huko Sudan, lilizibwa mwaka 1954. Kutokana na kazi hiyo ukapatikana mfumo wa kurejelea vipimo vya ardhi unaoitwa Arc 1960, ambao ramani na vipimo vingi vya viwanja Kenya, Uganda na Tanzania vimeusimamia kwa miongo mingi. Mtu anayebishana na jirani juu ya bikoni, yaani alama ya mpaka wa kiwanja, iliyong'olewa anabishana, bila kujua, ndani ya pembetatu za Gemma. Wapimaji wale hawakuja kutufanyia hisani. Walikuja kugawana nchi, na hesabu iliwatumikia vizuri. Hesabu haina bwana mmoja. Leo mnyororo ule ule ndio unaomwezesha mjane kuonyesha mahakamani mpaka wa shamba lake ulipita wapi.

Gemma alikuwa na wazo jingine, alilolichapisha mwaka 1530 katika kitabu chake mwenyewe. Ukitaka kujua longitudo, alisema, ondoka na saa iliyorekebishwa kwa wakati wa ulikotoka. Ufikapo, linganisha na wakati wa hapo ulipo. Nyuzi 15 ni saa moja, uzi mmoja ni dakika nne. Kila mwanafunzi wa sekondari Kenya na Tanzania amewahi kutokwa jasho kwa swali hili kwenye mtihani: ikiwa ni saa sita mchana Greenwich, je, ni saa ngapi mahali palipo longitudo ya nyuzi 45 mashariki? Hajaambiwa kwamba wazo hilo lilikaa zaidi ya miaka 200 bila kutumika baharini, kwa kuwa hapakuwa na saa iliyoweza kuvumilia mawimbi, joto na unyevu hadi Mwingereza John Harrison alipoitengeneza karne ya 18. Apian naye katika Cosmographia alikuwa amependekeza kupima umbali kati ya mwezi na nyota, pendekezo ambalo Mjerumani Johannes Werner alilitoa kabla yake mwaka 1514. Hilo nalo lilisubiri majedwali ya mwezi yenye usahihi wa kutosha, yaliyoanza kuchapwa Uingereza kwa ajili ya mabaharia katika almanaki ya mwaka 1767.

Naliona hili kuwa jambo la ujasiri katika kitabu cha kufundishia. Vitabu vyetu vya shule huweka yaliyokwisha kumalizika: jibu liko nyuma, mwalimu analo. Hiki kiliwapa wanafunzi njia sahihi ambazo hakuna mtu duniani aliyeweza kuzitumia bado, kikawaachia mchoro wa mtu ameshika kijiti cha kupimia akikielekeza mwezini, kana kwamba kinasema jaribuni.

Upo upinzani wa haki dhidi ya sifa hizi, nao unamhusu Gemma mwenyewe. Aliisikia habari ya Copernicus mapema. Mwaka 1541 aliandika barua akionyesha hamu ya kukiona kitabu hicho, na kilipotoka alikisoma akiandika pembezoni. Aliishi hadi 1555. Mbona hakuigusa picha ile ya dunia katikati? Sidhani kuwa ni woga peke yake. Mbao za kuchapia picha zilikwishachongwa, wachapaji wa Antwerp walijua kitabu kinauzika, na Gemma alikuwa na biashara ya matufe na ala za kupimia ambayo kitabu kiliitangaza. Kitabu cha kiada kikishafanikiwa huwa kizito kukigeuza. Wizara za elimu za Afrika Mashariki zinalijua hilo bila kusoma Kilatini. Mwanafunzi wa Gemma aliyepata jina kuliko wote, Gerardus Mercator, aliacha mfano mkali zaidi: ramani yake ya 1569, nzuri kwa baharia anayetaka mwelekeo wa dira, iliendelea kuning'inia madarasani ikiionyesha Greenland karibu sawa na Afrika, ambayo ni kubwa kuliko hiyo mara 14. Ni mwaka 2025 tu ambapo Umoja wa Afrika uliunga mkono wito wa kuiacha.

Wapo watakaosema haya yote ni mambo ya Wazungu na minara yao. Lakini miongo kadhaa kabla Apian hajashika kalamu, Ahmad ibn Majid wa Julfar, katika Ghuba, alikuwa amekamilisha kitabu chake kikubwa cha elimu ya bahari, karibu mwaka 1490, na ametunga utenzi wa urubani wa njia ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, inayopita pwani yetu. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walipima kimo cha nyota kwa kibao cha mti chenye kamba ya mafundo, fundo likishikwa kwa meno, na kipimo chao kilikuwa kidole. Kwa kazi ya latitudo hawakuwa nyuma ya mtu yeyote. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 alihitaji rubani kutoka huko ili avuke kwenda India. Hadithi kwamba rubani huyo alikuwa Ibn Majid mwenyewe wanahistoria wengi wameikataa, lakini rubani alikuwepo. Naye Apian hakuwa na kiburi juu ya elimu hiyo: mwaka 1534 alichapisha pamoja na kazi yake kitabu cha falaki cha Mwislamu Jabir ibn Aflah wa Seville, Hispania.

Tofauti ilikuwa kwenye mtambo. Elimu ya Ibn Majid ilihifadhiwa kwa mashairi, kichwani mwa nahodha na katika nakala chache za mkono. Nahodha akifa na mwanawe asiwe na hamu, imekwenda. Ya Apian ilitoka kwa mamia ya nakala, na kila nakala ilikuwa na ala yake ndani. Hata akitokea mwanafunzi mvivu akaipoteza, jirani anayo. Tunapolia kwamba maarifa ya pwani yalipotea, tunawalaumu Wareno, na Wareno wana mengi ya kujibu, Kilwa na Mombasa mwaka 1505 yakiwa ya mwanzo. Lakini maarifa yasiyochapwa yalikuwa hatarini hata bila wao.

Maktaba kadhaa kubwa zimeweka Cosmographia mtandaoni, kurasa zote, rangi safi. Ni jambo jema, ila kwenye picha kisahani hakizunguki, na hivyo kinachoonekana ni duara lenye maandishi ya Kilatini. Dawa yake ni rahisi: chapa ukurasa, bandika kwenye kadibodi, kata, funga uzi. Mwalimu wa Dar es Salaam akifanya hivyo na darasa lake atagundua papo hapo kwamba chombo cha usiku hakimfai. Mji uko takriban nyuzi 7 kusini ya ikweta na Nyota ya Kaskazini iko chini ya upeo wa macho. Manahodha wa zamani walilijua tatizo hilo. Nyota hiyo ilipozama walihamia kwenye nyota nyingine za Dubu Mdogo na Dubu Mkubwa. Atalazimika kuchora kisahani kipya kinachofuata Msalaba wa Kusini.

Cha jua kitafanya kazi, lakini kwa sharti moja. Wataalamu wa zama za Apian waliwagawa watu wa dunia kwa vivuli vyao vya adhuhuri: wa nchi za mbali kaskazini, ambao kivuli chao huanguka upande mmoja mwaka mzima, na wa ukanda wa joto, ambao kivuli chao hubadilisha upande. Sisi ni hao wa pili. Dar es Salaam jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba. Katikati ya tarehe hizo kivuli cha adhuhuri huelekea kusini, na miezi iliyobaki huelekea kaskazini. Mwanafunzi atakayepima kimo cha jua bila kuangalia kwanza kivuli kimeanguka wapi atapata latitudo ya mahali pengine kabisa, kwa hiyo kijiti kisimamishwe uwanjani kwanza, kisahani kije baadaye.